Septrini ya Mume Wangu

Watu wa kwetu wanaamini dawa ni ya mgonjwa aliyelala. Anayemeza vidonge huku anatembea ni mwoga, au ana siri. Nimeishi na ujinga huo hapa Kitengela na sina jina zuri la kuupa.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la Magadi. Alipopimwa akakutwa na virusi vya UKIMWI, kliniki ya Kajiado ilimpa vidonge vya septrini ameze kila siku, hata akijisikia mzima, ili kuzuia nimonia. Mwaka mzima hakukohoa.

Ndipo dada yake mkubwa, mfugaji wa kuku Isinya, akaja kututembelea. Vifaranga vyake vilikuwa vinakoroma kwa ugonjwa. Akaona mkebe juu ya kabati.

"Mke wetu, hizi ni za nani?"

"Za ndugu yako. Za kuzuia magonjwa."

"Yapi? Si umwangalie hiyo shingo, kama ya fahali! Anatafuna dawa kama njugu na kuku wangu wanakufa."

Mume wangu akacheka. "Mpe tu, mama. Hao kuku wana shida kuliko mimi."

Nikampa zote, za miezi miwili. Kwetu mke hamnyimi dada wa mume kitu, tena mbele ya mumewe. Lakini hicho ni kisingizio. Muuguzi wa kliniki alikuwa ametuonya asikose hata siku moja, nami nilimsikia. Niliogopa kuitwa mchoyo.

Wifi yangu alizisaga akawatilia kuku kwenye maji. Mume wangu aliona haya kurudi kliniki kusema dawa imeliwa na kuku; akasema atangoja tarehe yake. Haikufika. Nimonia ilimmaliza kwa siku tisa. Daktari hakusema ni kwa sababu ya kuacha septrini, kwa hivyo nami siwezi kuapa.

Mazishini dada yake alisimama. "Ndugu yangu amemalizwa na madawa! Mwili ulichoka." Wazee wa kanisa, wenye suti na kalamu mfukoni, wakatikisa vichwa kukubali. Niliwadharau wote, mimi mwenyewe kwanza.

Wiki iliyofuata nilienda Kajiado kupimwa. Nami nilikuwa na virusi. Muuguzi akauliza kama marehemu alimeza dawa kila siku.

"Hapana," nikasema. "Tuliwapa kuku."

Hakunikemea. Alinipa zangu. Nikaomba maji, nikameza palepale, akiniangalia.