Ridhaa ya Ijumaa

Tanuu la chokaa likiwaka, moshi wake humkaba mtu kooni kabla pua haijautambua. Kijijini kwetu, upande wa Chwaka, msimu wa kuchoma chokaa tuliula moshi huo asubuhi na jioni. Uliingia kwenye wali, kwenye kanga zilizoanikwa, na kwenye nywele zetu hata kama tulisukwa jana yake. Magogo yalipangwa duara, mawe yakarundikwa juu, moto ukatafuna kwa siku kadhaa, kisha lori likaja kuchukua chokaa kuipeleka mjini, mtaa wa Malindi. Kazi ile ilikula kuni vibaya sana, na kuni zilitoka kwenye vichaka vya maweni nyuma ya kijiji. Miaka ile ya hamsini mjini walitaka chokaa nyingi, nasi tukawa tunagombea vichaka hivyo na kijiji cha jirani. Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi.

Tulikuwa na sheha, mtu wa serikali, mwenye koti na sauti ya kuamrisha. Lakini tulikuwa pia na Watu Wanne, wazee waliochaguliwa na koo za kijiji, na sheha hakuwa na ruhusa ya kuwatoa wanaume na fimbo kwenda kupigana na kijiji kingine mpaka hao wanne wakae mkeka mmoja na wote waridhie. Mmoja akikataa, shauri limekwisha. Ndiyo maana pembe ya ng'ombe iliyopulizwa kuwaita wanaume haikukaa kwa sheha. Ilitundikwa kwetu, chumbani kwa babu yangu mzaa baba, Mzee Mcha, aliyekuwa mmoja wa wanne. Sisi watoto tulikatazwa hata kuigusa, na mimi nilidhani katazo hilo ni la watu wote.

Jumanne moja, baada ya adhuhuri, mama na mimi tulikuwa uani tukisuka ukili, sheha akaingia akitweta. "Shikamoo, Mzee Mcha. Wale washaingia maweni kwetu, wanatukatia kuni mchana kweupe." Babu akaitikia marahaba, akamwambia wenzake watatu hawapo: wawili wamefuatana na chokaa mjini, mmoja yuko msibani Bububu. Watarudi Alhamisi, na Ijumaa watakaa. Sheha akapandisha sauti. "Mpaka Ijumaa hawatatubakishia hata kijiti! Nipe pembe, Mzee. Ridhaa n'taitafuta wakirudi." Alikuwa mtu mpole, mwenye haya, asiyependa kumkatalia mtu usoni, na watu walimsifu kwa hilo. Akaingia ndani, akatoka na pembe, akampa.

Siku tatu tu. Kuni ni kuni, hazina roho, na vichaka vya maweni huota tena. Mpaka leo nikifikiria zile siku tatu damu inanichemka. Pembe ililia, wanaume wakatoka mbio, na kaka yangu Ame, kijana wa miaka kumi na minane, akaiacha sahani yake ya muhogo nusu akachukua fimbo. Hakuuliza kitu. Angeuliza nini? Pembe ikilia, maana yake wanne wamesharidhia, hivyo ndivyo alivyolelewa. Walimrudisha alasiri juu ya kitanda cha kamba, kichwa kimepasuka juu ya sikio, na Jumatano asubuhi akafariki. Tukamzika siku ile ile baada ya adhuhuri.

Ijumaa ilikuwa siku ya tatu, siku ya khitma yake. Baada ya kisomo wazee wale wanne, wote sasa wapo, walikaa barazani kwetu na sheha, wakaletewa kahawa, naye sheha akawaomba ridhaa ya jambo la Jumanne. Wakaitoa! Mmoja baada ya mmoja, taratibu, kwa maneno mazuri: kijiji kisionekane kimegawanyika, marehemu asionekane amekufa bure. Babu alikuwa wa mwisho, naye akaitikia. Mama hakuwa mwanamke wa kusema mbele ya baba mkwe wake, lakini siku ile alitoka ndani na kanga yake ya msiba, akasimama mlangoni. "Mwanangu nshamzika, Baba. Sasa ndo mnaulizana?" Babu akamjibu kwa sauti ndogo, bila kumtazama, "Pembe nilimpa, mwanangu. Ridhaa sikumpa." Mama akasema, "Basi leo umempa nini?" Wakaomba dua, wakavaa viatu vyao.

Nilimchukia sheha kwa miaka mingi. Nilipokuwa mtu mzima chuki ikahamia kwa wale wanne, na hapo imebaki, babu yangu akiwemo, Mungu amrehemu. Sheha alifanya wafanyavyo wenye amri popote. Ndiyo maana wanne waliwekwa. Baadaye nilisomesha uraia mjini, na kila mwaka niliwafundisha watoto kwamba katiba yetu inampa Rais uwezo wa kutangaza vita, kisha Bunge huitwa kuzingatia kama litaunga mkono tangazo lake au la. Kisha. Kila nikilifikia neno hilo niliweka chaki chini. Huko duniani nako nasikia redioni ndege zimeshapiga, halafu wabunge waliovaa vizuri wanakaa kujadili wasije wakaonekana wanawavunja moyo askari. Mwaka mmoja msichana wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, na wabunge wakikataa, wale waliokwisha kufa itakuwaje?" Wenzake wakamcheka. Niliwanyamazisha kwa ukali ambao hawakuwahi kuuona kwangu, nikamwambia kuwa mimi ni mtu mzima sasa, na sijapata kuona waliokataa.