Kitambaa cha Susu na Visanduku Visivyokumbuka

Juzi tulipokuwa tukisafisha stoo ya kanisa hapa Masii, niliokota kisanduku cheusi, chepesi, cha upana wa Biblia. Vijana wakaniambia, "Mama, tupa hiyo." Mkono ulikataa. Keti nami kidogo, rafiki yangu, nikusimulie jambo ambalo mpaka leo silielewi vizuri.

Nililelewa na susu, nyanya yangu mzaa mama, kwa muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na kwa sala. Shule yetu ya kanisa ilikuwa na kompyuta kuukuu zilizotoka ofisi fulani mjini. Zilinguruma kama posho mill ya kusaga unga. Tukiziwasha, tulimaliza Zaburi ya Bwana ndiye mchungaji wangu kabla kioo hakijapata mwanga. Kisha vikaletwa visanduku vipya, bei nafuu, kimya kabisa, kila kimoja na kioo chake, vyote vikitegemea kompyuta moja kubwa iliyokaa pembeni. Kamati ya shule ikasema vikifaa, zile kuukuu ziuzwe kwa watu wa vyuma chakavu.

Susu hakujua kuandika. Alitaka sala ya mvua ya marehemu mama yake ibaki kwenye karatasi kabla naye hajaondoka. Akanitamkia, nami nikaipiga chapa kwenye kisanduku kimoja kilichokaa dirishani. Ingechapishwa Jumapili, siku ya kuviombea vile vyombo.

"Na haka kadogo kanakumbuka?" akauliza.

"Kanakumbuka, susu."

Jumamosi akina mama wakaja kupamba. Unajua nyumba zetu: kiti, redio, runinga, kila kitu huvishwa kitambaa cha kufuma. Ile kompyuta kubwa susu akaivisha chake mwenyewe, cha sufu, kizito, mpaka chini. Iliachwa ikiwaka.

Jumapili tukafungua mlango, tukakutana na joto na harufu ya kuungua kutoka kwa ile kubwa. Vioo vyote vilikuwa vyeusi.

"Mgonjwa ni mmoja," susu akasema, "mbona wamekufa wote?"

"Umeivalisha sweta na jua hili la Masii!" mama mmoja akamtania, na wenzake wakacheka.

Susu hakucheka. Alikuwa akikitazama kisanduku cha dirishani. Mwalimu akamweleza kwa upole, "Hivi vidogo havishiki kitu, susu. Maneno yote yalikuwa kwa ile kubwa."

Nilichanganyikiwa. Niliyaona maneno yale kwa macho yangu, pale pale dirishani.

Basi zile kuukuu hazikuuzwa. Zilipanguswa vumbi, zikarudi mezani. Nazo zilikuja kufa, lakini kila moja ilikufa kivyake bila kusumbua jirani. Susu akaketi kando yangu, akaanza upya. Maneno yakaja mengine kabisa.

"Susu, sivyo ulivyosema."

"Ndivyo mama alivyoomba."

"Na ile ya kwanza?"

"Hiyo pia, mwiitu. Andika, binti yangu."

Niliandika, ikachapishwa. Karatasi ilikaa ndani ya Biblia yake, na Biblia tukamzika nayo. Ya kwanza ninakumbuka kipande tu: aliomba mvua ya pole, isiyobeba udongo wa matuta.

Namshukuru Mungu kwa hicho kipande. Kompyuta zile baadaye zilichukuliwa na watu wa vyuma, na wale akina mama wengi wamelala katika Bwana. Kimebaki kisanduku hiki nilichookota, ambacho wote husema hakikuwahi kukumbuka kitu. Labda ni kweli. Nilikifuta kwa pindo la leso, nikakirudisha kwenye rafu, karibu na dirisha. Kitambaa sikukiwekea.