Friji ya Mama Aikaeli

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka kila nisikiapo friji ikinguruma, na masikio yangu hupata moto hadi leo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimerudi kwetu mgombani, nimekaa. Kukaa ndiyo kazi niliyoiweza, na bado naiweza vizuri. Mwaka huo maji ya mfereji yalipungua, wazee wakaitana kujadili zamu za kumwagilia. Kila mtu akitazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro, theluji imebaki viraka. Nikasimama. Msomi!

"Anga limetoboka," nikasema. "Kuna tabaka linaitwa ozoni. Gesi ya friji imelitoboa, tundu liko hapo hapo juu ya Kibo, jua linapenya na kuyeyusha theluji."

Kijijini friji ilikuwa moja, ya Mama Aikaeli, mjane aliyepozea humo maziwa ya kuuza mtaa wa Majengo, mjini. Shingo zote zikamgeukia.

"Kumbe ni wewe unayetumalizia maji!" mzee mmoja akafoka.

Wakamnyima zamu. Yule mama alikwenda akachomoa friji, na kesho yake nikasikia harufu ya maziwa yaliyoharibika yakimwagwa mgombani.

Baba mkubwa, aliyekuwa mwalimu wa sayansi, alipokuja likizo nilimsimulia kwa majivuno. Akaniacha nimalize.

"Wee, hilo tundu juu ya Kibo nani kakuonyesha?"

"Nilisoma, baba."

"Ulisoma nusu, ukalala. Ozoni iko juu mno, inatukinga na miale ya jua inayounguza ngozi na kudhuru macho. Gesi za friji zikivuja zikafika huko, zinaila kweli. Ila inakokonda sana ni kule Ncha ya Kusini. Na friji ya yule mama haivuji, gesi imo ndani ya mabomba yake. Theluji yetu ina mengine: dunia kupata joto, na theluji mpya kutoanguka ya kutosha. Umemtwisha mjane mlima mzima!"

Akachuma jani la isale, lile tunaloombea radhi, akanitia mkononi. Nilitembea nalo nikitamani mgomba wowote uniangukie.

Mama Aikaeli alilipokea. "Nimekusamehe, msomi. Ila mimi sikunyimwa maji hapa jikoni. Kayaseme kule kule."

Nikayasema mbele ya wote, sauti kama ya kifaranga. Zamu yake ikarudi. Lakini hadi anafariki, kila nikipita aliniita: "Msomi, tundu linaendeleaje?"

Leo ningemjibu kwamba linapona, polepole, kwa sababu mataifa yalikubali kuwa gesi zile zinadhuru, yakaanza kuziacha.

Basi, mwanangu, ukijua kitu nusu, sema ni nusu, hasa pale neno lako linapoweza kumkaushia mtu shamba. Na ukikosea hadharani, usinong'one radhi jikoni. Mungu akupe ulimi mzito wa kushtaki, na miguu myepesi ya kurudi.