Nani Anawe Kwanza

Harufu ya ndimu iliyokamuliwa katika maji moto ingali yanikosesha raha. Nikiisikia hapa Kilifi, ninakofundisha hesabu chuoni, narudi sebuleni kwetu Malindi, Ijumaa moja, nina miaka tisa, birika mkono huu, bakuli la kunawia mkono ule.

Siku hiyo mama alimwalika nyanya, Bi Zuhura, pamoja na Mwana Esha, shangazi yake nyanya. Msishangae: Mwana Esha alizaliwa na mke wa mwisho wa babu yake nyanya, akawa mdogo kwa nyanya kwa miaka minane. Sisi watoto tulikuwa tukicheka kumwona nyanya, mvi tupu, akimpa shikamoo mtu mwenye meno yote kinywani. Lakini tangu nyanya akatae posa ya mwana wa Mwana Esha kwa bintiye mdogo, wawili hao hawakuwa wakisemezana. Pilau ya siku hiyo ilipikwa ili wapatane.

"Anza kwa mkubwa," mama aliniambia mlangoni.

Shuleni tulipangwa foleni kwa urefu, kila mtoto na nafasi yake, nikaamini watu wote hupangika hivyo. Nikatazama mvi, nikamwinamia nyanya.

Mwana Esha akateremsha mikono ya gauni aliyokuwa ameikunja tayari. "Zuhura, leo umekuwa shangazi yangu?"

"Mtoto ameona mwenye umri," nyanya akajibu.

"Haya, kuleni na umri wenu."

Akavaa buibui lake, akatoka. Watu husema mkubwa ni jalala. Siku ile kila mmoja aliutaka ukubwa, ujalala hakuutaka mtu. Mama hakunipiga. Alikaa jikoni akalia, na hilo lilinichoma zaidi. Mwana Esha alifariki mwaka uliofuata, hawajasemezana.

Leo nawafundisha vijana kwamba viko vitu vinavyopangika baadhi tu, vingine havina wa mbele wala wa nyuma. Tukisema mkubwa ni aliyezidi kwa umri na kwa daraja la ukoo pia, mama yuko chini ya wote wawili. Lakini kati ya nyanya na shangazi yake hakuna mstari wa kuchora wa nani juu, nani chini. Kila mwaka mwanafunzi huuliza, "Sasa mwalimu, mkubwa ni nani?" nami hukasirika bila haki, kwa kuwa swali hilo ni langu.

Bakuli lile la shaba lilikuwa pana. Ningeliweka katikati yao, wakanyoosha mikono pamoja, nikamimina. Lingetosha mikono yote minne.