Kamera Mbili na Kichanja cha Kahawa

Wiki ya sita baada ya kumzika binti yetu, kwaya ya kanisa ilinituma Tunduma kuchagua kamera.

Tulikuwa na mtoto huyo mmoja tu, wa miaka minane. Homa ilimshika Jumanne mchana, na Ijumaa akawa hayupo. Zaidi ya hapo sina la kuandika kwa sababu silikumbuki. Nakumbuka kwamba siku ya mazishi nilikuwa nafikiria viti vya kuazima, kwamba havitatosha, na kwamba mvua ya kipupwe, ile ya manyunyu tu, ilikuwa inawalowesha wageni. Watu walinisifu kwamba nimejikaza. Sikuwa nimejikaza hata kidogo. Nilikuwa sisikii kitu. Nilirudi darasani baada ya wiki mbili, nikafundisha sehemu na desimali, nikasahihisha, nikarudi nyumbani, nikalala na viatu.

Mwenyekiti wa kwaya, mama mmoja mwembamba wa mwili na mnene wa maneno, ndiye aliyekuja na habari ya kamera. Miaka ile kila kwaya ya Mbozi ilikuwa inatoa video ya nyimbo zake, waimbaji wamepangwa mbele ya maporomoko ya maji au bustani ya mtu, na sisi wa Iyula tulikuwa hatuna. Kamera kubwa za begani zilitushinda. Lakini zilikuwa zimeingia hizi ndogo, za kuingia mfuko wa shati, zenye picha safi ambayo vijana waliiita eichidii.

"Wewe ni mwalimu," akaniambia. "Unajua kusahihisha. Nenda kazisahihishe hizo kamera, utuletee iliyofaulu."

Nilimwelewa vizuri. Alitaka nitoke ndani. Hata kama kwaya ingehitaji kijiko, mwezi ule ningetumwa Tunduma.

Nilikubali kwa sababu nilikuwa na mpango wangu. Nilikuwa nimeamua kumwacha mume wangu. Kaka yangu wa Ileje, mwenye gari la kubebea mizigo, tulishaagana aje Jumatano nikishamaliza kazi ya kanisa. Sikutaka kuondoka na deni la watu. Kitanda ningemwachia, cherehani ningeichukua.

Kosa la mume wangu lilikuwa moja. Matanga yalianuliwa Jumatatu, na Jumanne alfajiri nikamsikia nyuma ya nyumba akifunua nailoni za kufunikia kahawa iliyoanikwa. Hakuwa amelia makaburini. Hakumtaja mtoto siku ile wala siku iliyofuata. Tulikuwa tukiitana kwa jina la mtoto, mama fulani na baba fulani, kama watu wote wenye mtoto, na baada ya msiba hatukuitana tena kabisa. Akitaka chumvi alikuwa anaitazama chumvi. Waombolezaji walikuwa wamenishika mkono mimi, mmoja baada ya mwingine, wakiniambia uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikaishia kuamini kwamba katika nyumba ile mzazi nilikuwa peke yangu. Hasira hiyo ndiyo kitu pekee kilichokuwa bado kinapenya.

Basi Ijumaa nikaenda Tunduma. Duka nililoelekezwa lilikuwa hatua chache kutoka mpakani, la bwana mmoja wa Tanga mwenye kofia safi na sauti ya taratibu, anayeuza redio, pasi na simu kwa Watanzania na Wazambia kwa pamoja. Nilipoingia alikuwa na mama wa ng'ambo aliyeshika pasi na kuuliza "Ni shinga?", naye akimtajia bei kwa kwacha kabla hajamaliza kuuliza. Akaniwekea kamera tatu juu ya kioo cha meza.

Nikatoa daftari la hesabu, nikachora jedwali. Picha, sauti, betri, uzito, urahisi wa kutumia. Kila moja alama kumi. Yule bwana alinitazama nikipiga mistari kwa rula.

"Mwalimu," akasema, "mchagua nazi hupata koroma."

"Kwetu hakuna nazi," nikamjibu. "Kuna kahawa, na kahawa huchaguliwa punje kwa punje."

Akacheka. Mimi sikucheka, ila nilijua kwamba nimesema kitu cha kuchekesha, kama mtu anavyojua kwamba nje kuna jua wakati yuko ndani.

Ya kwanza, nyekundu, ilifeli mapema. Kitufe chake kilikuwa kinanasa na sauti yake ilitoka kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Zikabaki mbili. Ya kijivu ilikuwa nene kidogo, picha yake ya wastani, lakini ilitumia betri mbili ndogo za kawaida, zile zinazouzwa hata kwenye genge letu la Iyula karibu na sabuni na kiberiti. Nyeusi ilikuwa bapa, nyepesi, na picha yake, alivyoapa mwenye duka, ni mara mbili ya mwenzake. Ila betri yake ilikuwa ndani, haitoki, na ilichajiwa kwa kuchomekwa kwenye kompyuta. Kompyuta niliyoifahamu ya karibu ilikuwa Vwawa.

Kwenye vioo vidogo vya kamera hizo mbili sikuona tofauti yoyote. Nilipiga picha ya rafu ya pasi kwa hii, nikapiga kwa ile. Pasi zilikuwa pasi. Nikamwambia hivyo.

"Dukani kila kamera ni nzuri," akasema. "Chukua zote mbili, mwalimu. Kapige nje, mwanga wa kwenu. Jumatatu uniletee tuzitazame kwenye televisheni kubwa. Niachie kitambulisho tu. Kanisa halihami."

Jumamosi nilipiga picha mazoezi ya kwaya, wimbo mmoja mara mbili, nikibadilisha kamera. Sauti ya kwanza walijipodoa. Mwenyekiti alisimama mbele ya watu watatu warefu na hakuna aliyethubutu kumsogeza. Wote walinichekea usoni kwa huruma huku wakiimba, jambo ambalo ni gumu na sipendi kulitazama tena.

Jumapili alasiri nilitaka kitu kinachotembea, kisicho na huruma. Mume wangu alikuwa nyuma ya nyumba kwenye kichanja, ile meza ndefu ya waya tunayoanikia kahawa baada ya kuikoboa na kuiosha. Kahawa ya kichanjani lazima igeuzwe mara kwa mara kwa mikono, isije ikavunda. Mimi nilikuwa sijafika kule nyuma tangu msiba. Nilisimama kwenye mlango wa jiko nikampiga dakika moja na kamera ya kijivu, dakika moja na nyeusi. Hakuuliza nafanya nini. Aligeuza kahawa yake, mgongo kidogo umeinama, akageuza, akageuza. Nikawaza: mtu huyu anaweza kugeuza kahawa hata nyumba ikiungua. Nikarudi ndani, nikaandika: nyeusi, uzito, tisa.

Jumatatu niliomba ruhusa shuleni, nikarudi Tunduma. Mwenye duka alivuta kiti akanikalisha mbele ya televisheni, kubwa na nyembamba, ya aina ambayo kwetu ilikuwa haijafika. Alianza na ya kijivu. Kwaya ikatokea, inaonekana vizuri tu. Kisha mume wangu kwenye kichanja. Nikaandika picha, sita.

Akachomeka nyeusi. Nilikiri moyoni kwamba Mtanga hakuwa amesema uongo. Niliona uzi uliochomoza kwenye kola ya mwenyekiti. Niliona jasho juu ya mdomo wa mpiga kinanda. Halafu ukaja uwanja wetu wa nyuma, na mume wangu mzima, na mikono yake.

"Sasa tazama hapa, mwalimu," mwenye duka akasema, akasogea na kalamu mkononi kama mwenzangu wa kazi. Aliisimamisha picha. "Kwenye ile nyingine, hii kahawa ilikuwa kama uji uliomwagika, si ndiyo? Hapa unaona punje. Huku nyeupe, safi. Na huku, upande wa pili, tazama, imeshaoza. Hata ukungu unauona! Kamera gani nyingine itakuonyesha ukungu?"

Nilitazama ukungu. Kichanja kilikuwa kimegawanyika katikati. Nusu iliyo karibu na mume wangu ilikuwa kahawa mpya, imetandazwa vizuri. Nusu ya mbali ilikuwa nyeusi na kijani, imegandamana, na mikono yake ilikuwa inageuza mpaka katikati, inasimama, inarudi. Mume wangu ana mikono mirefu. Kichanja kile anakifikia chote bila kuhama.

Upande ule ulikuwa wa binti yetu. Tangu alipokuwa na miaka sita alikuwa anasimama kule, juu ya kreti ya soda, wanageuza kahawa wakitazamana. Walikuwa wakizungumza Kinyiha, lugha ya baba yake. Mimi ni Mndali, ndani ya nyumba sisi tulisema Kiswahili, na mazungumzo yao ya kichanjani nilikuwa nayasikia jikoni bila kuyashika yote. Kahawa iliyokuwa imeoza pale ilikuwa ya wiki aliyougua. Wiki sita mume wangu alikuwa ameanua nusu yake, akaanika nyingine, akaanua, akaanika. Ile hakuigusa.

"Mwalimu?" mwenye duka akasema. "Umeridhika na picha?"

"Kumi," nikasema. Nikaiandika.

Kisha nikajumlisha. Ya kijivu ilishinda kwa alama mbili, kwa sababu ya betri, na ndiyo ambayo kwaya iliinunua baadaye, ikatumika mpaka kitufe chake kikafa. Mwenye duka alisikitika, maana nyeusi ilikuwa na faida zaidi kwake. Aliniuliza kama azifute zile picha kabla hajairudisha kwenye boksi. Nikamwambia afute. Akabonyeza, na nyuma ya nyumba yetu ikapotea.

Sijui nilivyofika nyumbani. Nafikiri nilipanda bodaboda kutoka barabara kuu, kwa sababu nilikuwa na vumbi. Sikuingia ndani. Nilizunguka moja kwa moja mpaka kichanjani, na yeye alikuwa pale. Nikasimama upande wa mbali. Ukiwa karibu huhitaji kamera: harufu yake tu, ya gunia lililosahauliwa. Nikanyoosha mkono.

"Usiiguse," akasema.

Alisema kwa ukali. Lilikuwa neno la kwanza la ukali kwangu tangu tuoane, na nilishukuru kwamba ni neno.

"Imeoza," nikasema.

"Najua imeoza."

"Kwa nini hukuitoa?"

Aliendelea kugeuza kahawa yake.

"Jumanne ile asubuhi, kabla hajaenda shule, aliigeuza mwenyewe," akasema. "Halafu akanikataza. Akasema, baba, upande wangu usiuguse mpaka nirudi, wewe unavunja punje." Alikuwa anatafsiri; nilisikia jinsi alivyokuwa anatafuta neno la Kiswahili la kila neno lake. "Ndiyo hivyo. Sijaugusa."

Mguu uliokufa ganzi haukuumi. Unauma unapoanza kuamka. Nililia pale nikiwa nimeshika waya wa kichanja. Nililia kwa sauti mpaka jirani akachungulia juu ya ua, akaona ni sisi, akarudi. Mume wangu hakulia hata wakati ule. Alisimama tu upande wake, mikono imezama kwenye kahawa mpaka kwenye vifundo, na nikaona kwamba vidole vilikuwa vinatetemeka humo ndani, punje zinacheza juu yake. Nilikuwa nimeishi naye wiki sita nikisubiri macho yake yaniambie kitu, na macho yake hayakuwa na kazi hiyo. Niliona aibu. Niliona pia kwamba ningeweza kuondoka Jumatano nisijue hilo mpaka kufa kwangu.

Nilifuta uso kwa kitenge, nikatoa simu mfukoni. Mtandao kule nyuma ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo ilinibidi nipaze sauti. Nikamwambia kaka asije Jumatano, na gari asilete.

Nilipokata simu mume wangu alikuwa ameacha kugeuza kahawa.

"Shemeji alikuwa anakuja kuchukua nini?" akauliza.

"Kunichukua mimi," nikasema.