Namba Zilizorukwa

Nabwile akikasirika hunyamaza, na mafundi wote wa gereji ya mzee Joginder pale Kitale wanajua siku hiyo si ya kumtania. Ana miaka ishirini na sita akifunga na kufungua nyaya za magari. Alikuja hapo kufagia baada ya darasa la nane. Mzee akaona jinsi msichana alivyokuwa akizikodolea nyaya macho, akampa plaisi ya kukatia nyaya na amri moja: usifunge kifaa chochote kwenye gari bila taa ya kuonyesha kama kinafanya kazi. "Kikinyamaza," mzee alimwambia, "utajuaje kimelala ama kimekufa?"

Basi akaja Daktari Mukhwana, kijana mtafiti wa mawasiliano ya magari, na visanduku vyake arobaini. Kila kisanduku kilipaswa kutuma ujumbe mfupi kwa mtandao wa simu kila sekunde kumi, kusema gari liko wapi. Vilifungwa kwenye magari ya wagonjwa, ya maziwa na ya maduka, yanayozunguka kati ya Kitale, Kimilili, Bungoma na Cheptais. Ripoti yake ndiyo ingeamua mnara mpya wa simu usimame wapi.

Nabwile alivifunga vyote, na kila kimoja akakiongezea taa ndogo nyekundu, inayowaka kisanduku kikikosa mtandao. Mukhwana alicheka. "Mama, hiyo taa ni ya nini sasa? Si kompyuta inaona kila kitu."

Nabwile aliendelea kukaza skrubu. Aliutaka mnara ule kuliko mtu yeyote. Dada yake, Sellah, ameolewa Cheptais. Mwaka juzi, akiwa na uchungu wa kuzaa, gari la wagonjwa lililombeba lilikwama kwenye tope chini ya Cheptais, na simu ya dereva haikushika mtandao hata kidogo. Walikaa saa tatu bila njia ya kuita gari lingine. Sellah alipona. Mtoto alifia hapo barabarani.

Miezi sita ikapita. Madereva walimwambia Nabwile kwamba taa zake huwaka kuanzia soko la Cheptais mpaka chini kabisa kwenye mteremko. Kumbe Mukhwana yuko mbioni na ripoti yake, ramani imejaa kijani. Ujumbe tisini na tisa kwa kila mia, ati, ulifika bila kuchelewa. Mnara ujengwe Bungoma mjini, kwenye watu wengi.

Nabwile aliomba kuona orodha ya gari moja tu la wagonjwa. Kila ujumbe ulikuwa na namba yake. Mia nne na kumi na moja, mia nne na kumi na mbili, halafu ghafla mia sita themanini na nane.

"Hizi za katikati ziko wapi?"

"Hizo hazikufika, mama. Tunahesabu zilizofika."

Hebu fikiria mwalimu anayeita majina ya watoto waliokuja tu, kisha anaandika kwamba hakuna aliyekosa shule. Hata mlinzi wa shule angemcheka. Na huyu ana shahada tatu!  Nabwile alichukua ile orodha, akakaa nayo siku nne kwenye meza ya gereji, akitoa namba kwa namba na kuandika kila pengo kwenye daftari, mpaka la mwisho.

Ijumaa alikwenda Bungoma kwenye kikao cha ripoti, bila mwaliko, na ovaroli yake yenye mafuta. Mukhwana alipofika kwenye ramani ya kijani, Nabwile alisimama akaeleza habari ya mapengo na ya taa. Afisa wa kampuni ya simu aliyekuwa mwenyekiti alimsikiliza huku akitazama saa.

"Mama, tunakuheshimu," alisema. "Lakini tuko na namba ya malalamiko, inafanya kazi mchana na usiku. Kutoka huko juu hatujawahi kupigiwa hata mara moja."

"Wapige na simu gani?" Sauti yake ilitoka kali kuliko alivyotaka, na hakuirudisha. "Na mtandao gani, bana? Mnangoja watu wasio na mtandao wawapigie kuwaambia hawana mtandao? Kimya chao ndiyo mmeandika hapo, mkapaka rangi ya kijani!"

 Mukhwana alishuka polepole kutoka mbele, akaja mpaka aliposimama Nabwile, akanyoosha mkono. Nabwile alimpa daftari. Kijana alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akaruka mpaka wa mwisho. Masikio yalikuwa yamemwiva kwa aibu.

"Hili ni gari moja tu?"

"Moja. Ukitaka yote arobaini, kaa chini utoe mwenyewe."

Alirudi kwenye kompyuta yake mbele ya watu wote, akafuta ile tisini na tisa. "Nisomee, mama. Ambazo hazikufika ni ngapi?"

"Elfu thelathini na moja, mia nne na sita."

Mukhwana akaandika.

"Ongeza moja," Nabwile alisema.

"Moja ya nini?"

"Ya mtoto wa Sellah. Naye hakufika, na hakuna aliyemhesabu."