Nilitengeneza filamu ya kuwacheka wapiga litungu, baba mdogo akakaa kiti cha mbele

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi humu huwa nasoma, nacheka, napita. Leo nimeshindwa kukaa kimya. Haya yalinikuta mwenyewe, na atakayeona nimetia chumvi anikemee hapa hapa.

Napiga picha na video za harusi, naishi Kitaji, Musoma. Ukifanya kazi hii mkoa wetu lazima uwazoee wapiga litungu, ile ala ya nyuzi nane ya wazee wetu.

Na utazoea salamu zao.

Mwimbaji akishakaa, kabla ya wimbo anasalimia. Mwenyekiti wa kijiji. Mwenye duka. Aliyetoa turubai. Mkwe wa aliyetoa turubai. Pilau linapoa, MC anahangaika, mzee bado yuko ukoo wa tatu.

Nikaandika skripti ya komedi. Kikundi cha litungu kinaalikwa harusini, kinasalimia toka asubuhi mpaka jenereta linaisha mafuta na maharusi wanajiondokea, wimbo haujaanza. Nikaiita Wimbo Utaanza Lini. Tulishuti Kiabakari. Kiongozi wa kikundi aliigizwa na rafiki yangu Chacha, fundi simu, kwa ndevu za pamba.

Tatizo, litungu hatukuwa nalo. Nikaenda Butiama kuazima kwa baba mdogo Wambura, mdogo wa marehemu baba yangu. Yeye ni mpiga litungu hasa.

Nikamwambia natengeneza filamu ya kuenzi utamaduni.

Ndiyo, nilidanganya. Mzee alifurahi mpaka akalifuta vumbi litungu kwa shati lake alilovaa.

Sasa mjue kitu kimoja. Huyo huyo ndiye aliyekuwa anipeleke Bunda kwa kina Neema, mchumba wangu, kupeleka posa. Baba hayupo, kwa hiyo bila yeye sina msemaji. Na wakwe zangu wale ni watu wa taratibu, huwezi kwenda na rafiki.

Nikaonyesha filamu kwenye ukumbi mdogo pale Musoma, Jumapili mchana baada ya ibada. Baba mdogo sikumwalika. Aliyemwalika ni mama yangu, kwa nia njema kabisa.

Nageuka, namwona anaingia na wenzake watatu wa kikundi chake cha litungu. Suti, viatu vimepigwa rangi. Wakakaa mbele.

Umeme wetu uliozoea kukatika, siku hiyo ukatulia.

Watu walicheka sana. Chacha alipomsalimia mjomba wa dereva wa bodaboda iliyoleta soda, kuna jamaa alianguka na kiti. Mstari wa mbele, migongo minne imenyooka. Nilijisikia vibaya, na niliogopa.

Filamu ilipoisha, baba mdogo akasimama. "Litungu langu liko wapi?"

Nilikuwa nimeliweka pale mbele kama pambo. Nikamkabidhi kwa mikono miwili. Nikajua anaondoka nalo, na Bunda imekwisha.

Akavuta kiti, akakaa, akaanza kukaza nyuzi.

"Huyu wenu amekosea," akasema. "Amesalimia wanaume watupu. Sisi tulikuwaga tunaanza na mama wa nyumba. Bila yeye, hiyo harusi imetoka wapi?"

Mama alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Baba mdogo akaanza kumsalimia kwa litungu. Jina lake, jina la baba yake, kijiji alikozaliwa. Halafu akamtaja marehemu baba, alivyokuwa akimpakia mama kwenye baiskeli toka Butiama kwenda mnadani. Tangu tuzike sikuwahi kusikia watu hao wawili wakitajwa pamoja mbele za watu.

Mama akaja mpaka mbele anacheza mabega taratibu, anacheka na machozi yanamtoka. Mimi nililia, wakuu, sifichi.

Nje nikamwomba baba mdogo msamaha.

"Kutucheka si kosa," akasema. "Hata sisi tunachekanaga. Ila ulinidanganya. Ungesema ukweli ningekufundisha, maana vituko vyetu wewe unajua robo tu."

"Na Bunda, baba?"

"Jumamosi tunaenda. Nikianza, usinikatize."

Kwa hiyo nililojifunza ni hili: ukitaka kumtania mtu wako, mwambie mapema, anaweza kukuongezea vya kuchekesha. Na kile kipande cha salamu tumekishuti upya. Chacha sasa anaanza na mama.

Mlio na wazee wa namna hii, leteni visa vyenu. Na kwenu salamu huchukua muda gani?

Maana Bunda tulifika saa nne asubuhi. Saa nane mchana posa ilikuwa haijatajwa, baba mdogo bado anasalimia, na anayemkumbusha majina yaliyobaki ni baba mkwe.